Maswali ya Wasomaji: Mtoto na Maji

SWALI: Mhariri, nina binti wa miezi saba na tunaishi Kisumu. Jirani yangu anasema mtoto huzaliwa akijua kuogelea, na kwamba nikimwachilia majini mapema hatazama maishani mwake. Mama mkwe wangu, kwa upande wake, hataki hata kusikia habari za bwawa. Nimfuate nani?

JIBU: Dada yangu, jirani yako ameona jambo la kweli akalielewa vibaya. Mtoto wa miezi michache akitiwa majini huziba pumzi kwa muda mfupi bila kujua, na miguu yake hupigapiga kana kwamba anaogelea. Lakini hali hiyo ya kimaumbile hufifia anapokaribia nusu mwaka, na hata inapokuwapo haimpi nguvu ya kuinua kichwa ili avute hewa. Zile video za wachanga wanaotupwa bwawani, ambazo husambazwa sana kwenye simu, mimi naziona kuwa ni za kutafuta sifa tu. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema hakuna ushahidi kwamba mafunzo kabla ya mwaka 1 hupunguza hatari ya kuzama. Kuanzia mwaka 1 yanaweza kusaidia, na watoto wengi huwa tayari kwa masomo rasmi wanapofika miaka 4.

Hata hivyo, mama mkwe naye asidhani ameshinda kesi yote, kwa sababu hakuna ubaya wowote wa kuingia bwawani na binti yako ili ayazoee maji, mradi maji yawe safi na yenye joto la nyuzi 32 hivi. Mshike chini ya makwapa mkitazamana, maji yakimfika kifuani, kisha mwagie mabega kidogo kwa kiganja huku ukizungumza naye. Usimzamishe kichwa, kwa kuwa mtoto mdogo humeza maji kwa wepesi, na akiyameza mengi chumvi ya mwilini hupungua kiasi cha kumletea degedege. Robo saa inatosha, na midomo ikianza kugeuka rangi au akitetemeka, mtoe hata kama dakika hizo hazijaisha.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Kwa mtoto wa umri huo, hatari kubwa iko nyumbani kuliko bwawani. Karibuni ataanza kutambaa na kusimama kwa kushikilia vitu, na nyumba zetu nyingi huwa na ndoo na mapipa ya maji ya akiba kwa ajili ya siku ambazo mfereji umekauka. Kichwa cha mtoto ni kizito kulinganisha na mwili wake, hivyo akichungulia ndani ya ndoo na kutumbukia, hawezi kujiinua, wala hatapiga kelele, kwani anayezama huzama kimya. Funika mapipa kwa vifuniko vinavyokaza, mwaga maji ya karai mara unapomaliza kumwogesha, na mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne. Tulimpeleka kwenye mafunzo hapa Nakuru, mkufunzi akamsukuma majini ili “aondoe woga”, na sasa analia hata akiliona bwawa kwa mbali. Je, nimlazimishe? Na maboya ya mikononi yatamfaa?

JIBU: Usimlazimishe, na kwa mkufunzi huyo usimrudishe. Anza upya wewe mwenyewe, tena saa za mchana jua likiwa limewaka, maana Nakuru iko juu sana na maji ya asubuhi ni baridi kiasi cha kumkatisha tamaa hata mtu mzima. Kaeni kwenye ngazi ya kwanza, miguu tu ikiwa majini, mkiyapiga maji mateke pamoja. Akiridhika, mfundishe kupuliza mapovu midomo ikigusa maji, kisha pua, kisha uso wote, kila hatua aichague yeye. Baadaye mlaze chali, kichwa chake kikiegemea bega lako, ili ahisi kwamba maji yanambeba. Mtoto anayejua kugeuka chali na kuelea amepata somo kubwa kuliko yule anayerusha mikono kwa fujo.

Kuhusu maboya ya mikononi, sipendi yatumike kufundishia. Humweka mtoto wima, mkao ambao haumsaidii kuogelea, na humpa ujasiri asioustahili, hivi kwamba siku atakapoyavua anaweza kuruka majini akidhani bado ataelea. Ulinzi wake ni mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, asiyeshika simu.

SWALI: Sisi tuko Homa Bay, kando ya ziwa. Wajukuu wangu huogelea wakienda kuteka maji. Nimesikia mtoto aliyezama huning'inizwa kichwa chini ili maji yatoke. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, mama. Kumning'iniza au kumkandamiza tumbo hupoteza muda na huweza kumfanya atapike, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali tambarare, na kama hapumui, mwinue kidevu na kumpulizia pumzi 5 mdomoni. Asipoonyesha dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, mpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo huku wengine wakitafuta msaada na gari.

Ziwani kwenyewe, wajukuu wasiingie bila mtu mzima. Pana viboko, na gugu maji huficha kina. Maji ya ufukweni yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, basi waulizie dawa yake katika kituo cha afya. Mtoto aliyezinduka baada ya kuzama naye apelekwe huko siku hiyo hiyo, hata akiwa ameinuka na anaomba uji, kwa kuwa shida ya kupumua huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.