Stoo imejaa, hela ya mboga haitoshi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Nkuhungu, Dodoma, na mume wangu na watoto watatu. Mwanzo wa mwezi mume hunikabidhi laki tatu ya chakula, ila ikifika tarehe 20 imeisha, naanza kukopa kwa mama wa genge. Kila siku nanunua sembe, mchele, maharage na mkate. Mama mkwe yuko kijijini Mpwapwa, na kila baada ya mavuno hutuletea mahindi, uwele, mbaazi, karanga na mlenda mkavu. Vimejaa stoo. Nikivipika mume ananuna, anasema hakuja mjini kula mlenda. Juzi nimefungua mbaazi nikakuta fukusi, na karanga nyingine zina ukungu. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi. Nafikiria kuvitupa vyote kimyakimya. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Usitupe kitu kimyakimya. Mama huyo amelima katika mkoa ambao mvua ni ya msimu mmoja tu, na anajua kila debe alilokupa. Akikuta stoo imefagiliwa, utakuwa umeongeza ugomvi wa pili juu ya huu ulio nao.

Laki tatu kuisha tarehe 20 ni kama elfu kumi na tano kwa siku. Unanunua sembe na una mahindi. Unanunua maharage na una mbaazi. Naamini unachagua chakula jioni ukiwa umeshasimama gengeni, watoto wana njaa, na hapo mtu hununua kilicho mbele ya macho. Uamuzi huo uuhamishie stoo, tena ufanyike mapema, mara moja kwa wiki.

Jumamosi hii toa kila kitu nje. Mbaazi zipepete kwenye ungo kidogo kidogo, uchambue zilizotobolewa. Nzima zianike zikauke kabisa, kisha zijaze hadi juu kwenye ndoo au dumu lenye mfuniko unaobana. Fukusi akikosa hewa hufa. Siku ya kupika, ziloweke tangu usiku, na zitakazoelea zitoe, hizo zimeliwa ndani. Zilizolowekwa huiva upesi, na utaona tofauti kwenye mkaa.

Karanga ni jambo jingine, na hapa sitaki ubane matumizi hata kidogo. Zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizogeuka rangi au zenye uchungu mdomoni, zote ziende shimoni. Usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu humu humu Dodoma na jirani zetu Manyara. Mahindi nayo yakague hivyo hivyo, hasa ya chini ya gunia lililokaa sakafuni. Magunia yainue juu ya mbao, yasiguse ukuta.

Baada ya hapo chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, andika kilichopo na kiasi chake. Panga milo ya wiki ukianzia kwenye orodha hiyo, na sokoni uende kununua cha kukamilishia tu: nyanya, vitunguu, mafuta ya alizeti, dagaa, mboga za majani. Debe la mahindi lipeleke mashineni, usage dona. Asubuhi uji wa uwele uliotiwa karanga nzuri za kusaga. Watoto wakishauzoea, mkate utanunua siku za wageni. Mbaazi chemsha sufuria kubwa, nusu uiunge kwa kitunguu mle na ugali leo, nusu iingie kwenye friji kesho mle na chapati. Kama huna friji, pika ya siku moja tu. Na wali ukibaki, usilale mezani.

Sasa huyu mume. Mwanangu, mlenda anaoukataa ndio uliomlea, na aliyeukausha ni mama yake mzazi. Naona anaona haya kuliko anavyouchukia. Hata hivyo usimpinge mbele ya sahani, wala usimwambie haya nikuambiayo. Subiri jioni ametulia, mwonyeshe daftari: hiki tunacho, hiki tunakinunua mara mbili, na huku kwa mama wa genge tunadaiwa kiasi hiki. Nina wasiwasi hata hilo deni halijui. Mwambie. Kisha mpe achague siku mbili za wiki za wali na nyama, na uzitimize kweli. Mwanamume anayejua Jumapili kuna nyama, Jumanne atakula mbaazi bila kununa.

Mlenda wenyewe uupike vizuri, maana nao ukitupwa tu kwenye maji unachosha. Maji yachemke na magadi kidogo sana, unyunyize mlenda huku unakoroga usifanye madonge, umalizie na nyanya na karanga zilizotwangwa. Zisipungue karanga, ndizo zinazowavuta watoto.

Mama mkwe usimsubiri afike. Mpigie simu wiki hii, umsalimie, umwambie kweli: mama, mbaazi zimeingia wadudu nimezichambua, karanga nyingine zimeota ukungu nimezitupa, nifundishe unavyohifadhi wewe. Hatakasirika kama unavyoogopa, kwa sababu wadudu hao anawajua kuliko wewe. Muulize pia safari ijayo alete kipi zaidi na kipi apunguze. Kama karanga hamzimalizi, bora abaki nazo auze bei ikipanda, na mahindi akuongezee kidogo.

Na deni la genge lilipe kwanza mwezi ujao, kabla hujanunua chochote.