Maswali ya Wasomaji: Kila ninachokianza hukiachia njiani

SWALI: Mpendwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni ukarani katika ghala la vipuri. Tangu ujana nimejaribu mambo mengi: nilijifunza kuandika hati za Kiarabu kwa miezi mitano, nikafuga njiwa, nikaingia darasa la jioni la Kifaransa, na yote nikayaacha. Mwaka huu nilinunua udi, ile ala ya nyuzi, kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga katika kikundi cha taarabu, naye akakubali kunifundisha kila Jumamosi. Miezi minne ya mwanzo nilifurahi mno. Sasa naona narudi nyuma. Kila nikipiga nasikia makosa matupu, na hii ni wiki ya sita udi umetundikwa ukutani. Mke wangu husema mimi ni mtu wa kuanza tu. Je, niache kazi ili nijitoe kikamilifu, au nikubali kwamba sina kipaji?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unaposema kwamba sasa unasikia makosa matupu. Makosa hayo yalikuwapo tangu mwanzo, tena mengi zaidi, ila sikio lako lilikuwa halijayajua. Shingo ya udi haina vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa, kwa hiyo kidole kikikosea kwa upana wa punje ya mchele sauti hupotoka, na wa kuirudisha ni sikio la mpigaji mwenyewe. Ni kwa sababu hiyo hiyo udi huweza kuitoa noti ya tatu ya rasti, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu; noti hiyo hukaa mahali ambapo gitaa la kawaida halina nafasi yake. Anayejifunza ala hii hufundisha sikio na kidole kwa pamoja, na viwili hivyo haviendi mwendo mmoja. Lako sikio limetangulia. Ulichokiita kurudi nyuma ndiyo hatua kubwa kuliko zote ulizopiga, na inanisikitisha kwamba umeutundika udi wakati huo huo.

Ninashuku kwamba ndivyo ulivyoziacha hata zile hati: mwezi wa tano jicho lilianza kuona alifu iliyoinama, mkono ukiwa bado haujaweza kuisimamisha. Kama ni hivyo, hukukosa hamu wala akili. Uliondoka kila mara katika kipindi kile kile, nacho ni kipindi kigumu kwa kila mtu.

Kuhusu kipaji, huwezi kukipima sasa. Marehemu shangazi yangu alikuwa msusi wa mikeka, na nakumbuka mzingo wa ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, ukilala miguuni pake wiki nyingi kabla hajaishika sindano ya kuushona uwe mkeka. Sisi watoto tulimuuliza mkeka uko wapi, naye akaendelea kusuka bila ya kutujibu.

Kazi usiiache. Mwenye familia anayejifunza huku akihofia kodi na ada ya shule hupiga kwa hofu, na hofu hukaza mkono. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapo hapo Tanga kwenu, aliajiriwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na aliendelea na ajira ya serikali miaka mingi baada ya hapo, huku akiandika. Kujitoa kikamilifu hakupimwi kwa saa za mchana ulizoziacha wazi. Hata hivyo kuna gharama, na hapa nitakuwa mkali kidogo: hukuniambia jioni zako zinakwenda wapi. Ikiwa zinaishia barazani au kwenye simu, basi dakika 30 za kila siku lazima zitoke huko, na uwe tayari kukosa mazungumzo mazuri. Usianze jambo jingine lolote katika muda huu, hata likikuvutia namna gani.

Ushushe udi leo, uuweke karibu na mahali unapokaa baada ya sala ya Isha. Utaukuta umelegea, kwa kuwa unyevu wa pwani huchezea mbao na vigingi; kuzilinganisha nyuzi ndiko kuwe mazoezi ya siku ya kwanza, basi. Siku zinazofuata shika maqamu moja tu, polepole, ukiirudia ile noti inayokukera mpaka kidole kiizoee. Mkeo usimwahidi kitu. Mwache asikie mwenyewe kutoka chumba cha pili.

Huenda ukafika mahali ukaona kwamba udi hauupendi, nako si aibu. Lakini uamuzi huo uufanye baada ya miezi sita ya kupiga, siku ambayo umepiga vizuri, na udi umpe kijana atakayeutumia. Usiufanye katika wiki ya hasira kama hii.

Jumamosi hii nenda kwa mzee, hata kama hukufanya mazoezi. Mwombe radhi kwa maneno machache, kisha mwambie ni noti gani inayokusumbua. Mwombe aipige yeye kwanza, ukitazama kidole chake kinatua wapi juu ya uzi, halafu akukabidhi risha, kile kipande cha kupigia nyuzi.