Berlin hakuna atakayekukumbusha: kwa wadogo zangu mnaokuja kusoma Oktoba

Wadogo zangu, najua mmeshaanza kuulizana koti zito linapatikana wapi. Koti nunueni hukuhuku, mitumba Berlin imejaa. Kilo za begi zitunzeni kwa vitu ambavyo huku hamtavipata, kama mwiko wa maana na mbuzi ya kukunia nazi.

Mimi nilitoka Tanga nikiwa na hofu mbili, baridi na Kijerumani. Hakuna hata moja iliyoniangusha. Kilichoniangusha ni sanduku la barua.

Maghorofa mengi ya Berlin hayana namba ya kila mlango. Mleta barua hutafuta jina la ukoo, kwenye kengele na kwenye sanduku pale chini. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu, na jina lililobandikwa lilikuwa lake peke yake. Benki ikanitumia namba ya siri, ikarudi. Bima ya afya ikanitumia kadi, ikarudi. Mimi nimekaa nasubiri simu, maana kwetu mambo yakikwama mtu hupiga simu, au angalau hutuma ujumbe, "vipi, mbona kimya?" Wiki sita nimekaa bila kadi ya bima, na jino linauma. Kwa hiyo siku mnakabidhiwa funguo, kabla hata ya kufungua begi, andikeni jina kwenye karatasi na mlibandike chini. Ombeni ruhusa ya mwenye chumba, lakini siku hiyohiyo.

Hili la barua nimeanza nalo kwa sababu ndivyo mji mzima unavyokwenda. Hakuna anayekufuatilia. Ukinyamaza, watu wanadhani mambo yako yamenyooka.

Mkishapata pa kukaa, kuna kujiandikisha makazi, Anmeldung, kwenye ofisi ya wilaya inayoitwa Bürgeramt. Sheria inasema ndani ya siku 14 tangu kuhamia. Bila karatasi hiyo, mengi yatakwama, kuanzia benki hadi kibali cha kuishi. Miadi ni ya kugombania. Ingieni kwenye tovuti yao asubuhi mapema, kwa sababu nafasi zilizoachwa na wengine hutokea na kupotea ndani ya dakika chache. Na si lazima iwe ofisi ya mtaani kwako, yoyote ya Berlin inakuhudumia, hata kama ni mwisho wa reli. Nendeni na fomu iliyosainiwa na aliyewapangisha kwamba kweli mmehamia kwake. Ndiyo maana chumba ambacho mwenyewe anasema "kaa tu, ila usijiandikishe" mkiogope, hata kiwe rahisi namna gani.

Na matapeli wapo. Hadithi yao haibadiliki: nyumba nzuri, bei ya chini, mwenyewe yuko nchi nyingine, tuma amana kwanza funguo zitakuja kwa posta. Usimtumie senti mtu ambaye hujaingia ndani ya chumba chake. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kuchangia, wenyewe wanaita WG, na kuzipata ni kama kuposa. Unakaribishwa jikoni, wanakupa chai, wanakuuliza unapenda kupika nini na unaamka saa ngapi. Msijikaushe kwa heshima kama mko mbele ya wakwe. Ongeeni. Niliposema napika wali wa nazi na samaki ndipo nilipopata chumba. Amana halali haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu joto na maji.

Fedha nitazisema haraka. Akaunti ile iliyofungwa ya viza, unayowekea fedha za mwaka mzima kisha unaachiwa kidogokidogo, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani unaachiwa euro 992 kila mwezi. Ikitoka kodi na bima, kinachobaki ni cha kula kwa adabu. Kwenye bima, wenye umri wa miaka 30 na kuendelea wawe macho: bei ya mwanafunzi huishia hapo, hivyo ulizeni kabla hamjapanda ndege. Kibarua kinaruhusiwa, siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, lakini msije na hesabu kwamba kibarua ndicho kitakacholipa muhula wa kwanza. Treni hazina geti, unaingia kama sokoni, kisha watu wawili waliovaa jinzi kama wewe wanasimama katikati ya behewa na kutoa vitambulisho. Kama huna tiketi, faini ni euro 60. "Sikujua" hawaijui.

Sasa chuo, na hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu ukikaa darasani muhula mzima, mtihani ni haki yako, jina lako lipo. Huku katika vyuo vingi mtihani unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo, ndani ya tarehe zilizowekwa, na tarehe zikipita zimepita. Muhula wangu wa kwanza nilisoma somo moja la takwimu mpaka nikaliota. Nikaenda siku ya mtihani na kalamu zangu tatu, jina halimo. Msimamizi hakunifokea. Alinionyesha orodha, akasema pole, akaendelea na aliyefuata. Nililia barazani kama mtoto. Wiki ya kwanza tu, fungueni kanuni za mtihani za kozi yenu, hata kama ni Kijerumani kigumu, na mwandike tarehe zote ukutani. Halafu alama zao zimegeuzwa: 1.0 ndiyo juu, 4.0 umepita kwa kukwaruza, 5.0 umeanguka. Msiwapigie wazazi kufurahia 4.0.

Profesa ana saa za kuonana na wanafunzi. Mimi niliona ni usumbufu kumgongea mtu mzima mlango, nikakaa miezi mitano bila kwenda. Mhindi mwenzangu alikuwa anakwenda kila baada ya wiki mbili, na maswali mepesi kuliko yangu. Unadhani mada nzuri ya utafiti alipewa nani?

Saa nazo zina mitego. Kwenye ratiba mkiona saa imefuatiwa na c.t., somo linaanza robo saa baadaye. Ikiwa s.t., ni palepale. Na mtu akikwambia "halb drei", drei ni tatu, sisi tunageuza haraka kichwani: tatu yao ni saa tisa yetu, na nusu, basi saa tisa na nusu. Hapana. Wao huhesabu nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu mchana. Nilichelewa saa nzima kwenye usaili wa kibarua, huku nikijiona nimewahi.

Upweke upo, hasa Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni. Dawa yangu ilikuwa kutembea eneo la Berlin linaloitwa Wedding, kwenye mitaa iliyopewa majina ya Afrika tangu enzi za ukoloni. Kuna Tangastraße pale, Sansibarstraße pia. Kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee, jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka ya mabishano, mwaka 2024 kipande chake kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao kile nikapiga picha, nikamtumia babu. Alijibu kwa sauti, dakika nne nzima.

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mkate ununuliwe Jumamosi. Jumapili yenyewe nendeni jumba la makumbusho ya viumbe mkamwone mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria, mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Jumatatu wanafunga. Nilikwenda Jumatatu.