Fizi zinatoka damu? Flagyl peke yake haitoshi

Kwenye maduka ya dawa ya Mwanza, kuanzia Buzuruga mpaka Kirumba, ombi ni lilelile: "Nipe Flagyl, fizi zinatoka damu." Harufu mdomoni inapungua, kisha damu inarudi kwenye mswaki.

Kwa kawaida, seli ya ufizi ikivamiwa na bakteria hujiua yenyewe, na mvamizi akakosa pa kujificha. Bakteria wa fizi aitwaye Porphyromonas gingivalis anaijua njia ya kukwepa hilo. Huingia ndani ya seli kwa dakika chache, kisha huizuia isife. Seli iliyo taabani humwaga nje ATP, molekuli ya nishati, kuwa ishara ya hatari. Bakteria huyu hutoa kimeng'enya kinachoimaliza ATP hiyo ishara isifanye kazi. Pia huamsha protini ziitwazo Akt zinazoifanya seli iendelee kuishi, na anaweza kuhamia seli ya jirani bila kupita nje. Mwenzake, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Yaani walinzi wanakufa huku seli iliyotekwa ikiishi.

Bakteria waliobaki nje ya seli nao wamejikinga ndani ya ukoga, utando unaoganda kwenye jino, na vidonge haviupenyi vizuri. Lazima ukwanguliwe.

Kosa kubwa ni kuacha kupiga mswaki palipo na damu. P. gingivalis hukwepa oksijeni na hujilisha madini ya chuma yaliyomo kwenye damu, kwa hiyo ukipaacha umemwandalia meza. Tumia mswaki laini, uinamishe kwa pembe ya nyuzi 45, nusu jinoni nusu kwenye ufizi, utikise taratibu kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi. Kati ya meno pitisha uzi wa meno ukiukumbatisha jino, ushuke kidogo chini ya ufizi. Usiushushe kwa nguvu, utachana nyama. Njiti ya kiberiti baada ya sangara ndiyo inayochana zaidi.

Mswaki wa mti si mbaya, mradi utafunwe mpaka nyuzi zilainike na ncha iliyotumika ikatwe. Tatizo lake ni upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini: mate humwagikia pale, ukoga hukomaa haraka, na kijiti hakifiki vizuri.

Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yanatuliza tu. Klorheksidini, dawa ya kusukutua mdomo, hupunguza bakteria wa juu, lakini ukizidisha wiki mbili meno yanaanza kupata rangi ya kahawia.

Ukoga ukishakuwa mgumu, hakuna mswaki utakaoutoa. Mwone daktari wa meno apime kina cha mfuko wa ufizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4, hasa pakitoka damu, husafishwa chini ya ufizi, kisha upimwe tena baada ya miezi mitatu hivi. Metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, ikihitajika, huandikwa baada ya usafishaji huo.

Mwenye kisukari aseme mapema, maana sukari iliyopanda huchelewesha ufizi kupona. Mvuta sigara naye asisubiri damu: tumbaku hubana mishipa midogo ya ufizi, na jino linaweza kulegea bila hata tone kuonekana.