Namba 400 iliyonikosesha mteja

Juzi kijana mmoja wa Moshi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Tovuti yangu inazidiwa na watu. Kwenye Apache, niongeze MaxRequestWorkers hadi ngapi?" (Apache ni programu inayowapa wageni kurasa za tovuti; MaxRequestWorkers ni idadi ya maombi inayoyahudumia kwa wakati mmoja.) Moyo ulinipasuka. Swali hilo mwenyewe nililijibu kwa pupa, nikampoteza mteja niliyemhangaikia mwaka mzima.

Alikuwa mzee mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Seva ilikuwa ndogo, RAM ya GB 1, Apache ikiendeshwa kwa prefork, yaani kila ombi na mchakato wake, kwa ajili ya PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti. Julai, msimu umepamba moto, tovuti ikaanza kusuasua. Usiku ule, nyumbani Sakina, nikafungua mipangilio ya jumla. MaxRequestWorkers iliyokuwa 150 nikaifanya 400, na ServerLimit, ambayo ni dari yake, nikaipandisha pia, maana isipoguswa hukomea 256. KeepAliveTimeout, muda wa kumsubiri mgeni aombe tena, nikaitoa sekunde 5 hadi 60. Sikupima chochote. Nikalala kwa furaha.

Saa mbili asubuhi simu ikaita: "Kijana, wageni hawawezi kulipia. Haifunguki kabisa." Nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kutoka mbali, kila herufi niliyobonyeza ilichelewa kutokea. Kila mchakato wa Apache ulikuwa unakula karibu MB 45. Zidisha kwa 400: GB 18 ndani ya seva ya GB 1! Linux ikaanza kuua programu ili ipumue, ikaanza na MySQL, yaani hifadhidata. Na zile sekunde 60? Mgeni alishamaliza kusoma, lakini mchakato wake ulibaki umekaliwa dakika nzima.

Mzee hakunigombeza. Aliniomba nywila zote, basi. Mpaka leo nikipita ofisini kwake nageuza uso.

Kwa hiyo mdogo wangu, pima kwanza. Andika `ps -ylC apache2 --sort=rss`, utazame safu ya RSS, yaani RAM ambayo kila mchakato unakula. Mimi nilipaswa kutenga MB 300 za mfumo na hifadhidata, zilizobaki nigawe kwa 45. Jibu ni 15 au 16. Si 400! Tunapenda mno kunakili namba za watu wenye seva kubwa. Tuache. `apachectl configtest` nayo isikudanganye: inakagua maandishi tu, hata ile 400 yangu iliipa "Syntax OK". Pima, ndugu yangu, pima kabla hujagusa. Na ukibadili ServerLimit, zima Apache kabisa ndipo uiwashe, reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima) haitoshi.

Leo natunza seva nyingine ya GB 1. Namba yake ni 15, KeepAliveTimeout 2, na Julai hainikoseshi usingizi.

Nitumie hiyo safu ya RSS usiku wa leo, tuigawe pamoja.