Osileta 200 zimegoma kusinki, tatizo ni kodi au mtandao?

Swali: Kaka habari, niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa mwisho, projekti yangu ni osileta 200 za Rössler, yaani mifumo inayobembea kivurugu kwa milinganyo mitatu ya x, y na z, zilizounganishwa kwa x tu. Nilianza na duara, kila nodi na majirani wake wawili, zikagoma kusinki, yaani kubembea kwa pamoja. Nikazifunga zote kwenye nodi moja ya kati nikijua njia zikiwa fupi basi kazi imeisha, bado zimegoma, na nikipandisha kaplingi (nguvu ya muunganiko) namba zinalipuka. Nimekosea kodi?

Jibu: Kodi sidhani mdogo wangu, mtandao ndo unakukatalia. Chukua matriki ya Laplasiani ya mtandao wako (idadi ya majirani wa kila nodi kwenye ulalo, na -1 kila palipo na kiungo), tafuta aigenivalyu zake, yaani namba maalumu za matriki, kisha kubwa kuliko zote ugawe kwa ile ndogo kabisa isiyo sifuri. Pecora na Carroll walionyesha 1998 kwamba kila aigenivalyu isiyo sifuri ukiizidisha na kaplingi lazima iangukie ndani ya dirisha la namba ambamo sinki inasimama, na Rössler kwa x dirisha lina mwisho chini na juu pia, linavumilia uwiano wa makumi machache tu. Sasa kwenye duara lako, aigenivalyu kubwa ni 4, ndogo ni kama 0.001, uwiano unapita 4,000. Kwenye nyota, yaani ule mtandao wa nodi moja ya kati, ndogo ni 1, kubwa ni 200, uwiano 200, nafuu kubwa ila bado uko nje.

Njia fupi peke yake haitoshi, na hapa wengi wanapotea. Nodi za pembeni zinavutwa na moja tu kwa hiyo unalazimika kupandisha kaplingi, wakati huohuo ya kati inavutwa na 199 kwa mpigo, sawa na abiria mmoja stendi ya Nane Nane begi lake limekamatwa na wapiga debe wote, lazima ilipuke!

Dawa: kila nodi gawanya jumla ya kaplingi inayoingia kwa idadi ya majirani wake. Nyota inabaki na aigenivalyu 1 na 2, uwiano 2, weka kaplingi 1 urani tena. Duara halitasaidika hivyo maana wote wana majirani sawa, lenyewe liongezee viungo vya nasibu vinavyoruka mbali kama walivyofanya Newman na Watts.

Ukija kuhamia gridi ya umeme, najua kituo cha umeme cha Zuzu hapo jirani kinakutamanisha, usibebe namba hizi. Mashine za hertz 50 zinataka modeli ya Kuramoto (osileta zinazovutana kwa pembe za mzunguko wao) yenye inesha, yaani ukaidi wa mashine kubadili mwendo, na huko hata kuongeza laini moja tu kunaweza kuvunja sinki, Witthaut na Timme walilionyesha 2012.