Makapi Yanapogusana: Maana ya "chock-a-block"

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, Lamu. Wakati wa Maulidi, mgeni wangu mmoja Mwingereza alirudi kutoka mjini akasema kwamba gatini kulikuwa "chock-a-block". Nilidhani mawe yamemwagwa njiani, kwa kuwa mafundi wetu nao huyaita matofali ya saruji bloku. Baadaye niliambiwa kuwa maana yake ni kujaa. Je, ninaweza kuliandika neno hilo mlangoni vyumba vinapokwisha?
Msomaji wa Shela

JIBU: Aliyekwambia ni kujaa amesema kweli, ila si kujaa kwa kila namna, na sababu yake imo katika kazi ambayo watu wa Amu, yaani Lamu, wanaijua kuliko walimu wengi wa Kiingereza. Jahazi linapotweka tanga, mabaharia huvuta jarari, yaani kamba ya kutwekea, inayopita kati ya makapi mawili, vifaa vyenye gurudumu la kupitishia kamba: gofia, iliyofungwa mwishoni mwa henza (kamba nene inayopita juu ya mlingoti hadi kwenye foromali, boriti inayobeba tanga), na kapi jingine lililo chini karibu na mlingoti. Kadiri wanavyovuta ndivyo foromali inavyopanda na gofia inavyoshuka, hata makapi hayo mawili yakagusana, na hapo wakiongezwa hata watu kumi kamba haivutiki tena. Mabaharia wa Kiingereza huliita kapi "block", na hali hiyo ya kugusana ndiyo waliyoiita "chock-a-block" katika karne ya 19. Maana ya msongamano ilifuata baadaye, pengine kwa kusaidiwa na "chock-full", neno la zamani zaidi lenye maana ya kujaa pomoni.

Ndiyo maana neno hili hubeba dhana ya kubanana hata pasiwe na pa kupenya. Hufaa kwa soko, kwa barabara yenye magari mengi, kwa mashua ya Mokowe iliyosheheni abiria na magunia, au kwa kabati lisilofungika kwa wingi wa nguo. Halifai kwa mtungi uliojaa maji wala kwa mwezi mpevu. Hapo Mwingereza husema "full" tu. Katika sentensi huja baada ya kitenzi, na kitu kilichojaza hutanguliwa na "with", ilhali "full" na "chock-full" hutaka "of", na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Waaustralia hulikata likawa "chockers", ambalo ni la barazani kabisa.

Kuhusu tangazo lako, sikushauri ulitumie. Ni neno la mazungumzo, na mgeni aliyefika na mizigo yake jua la saa saba akilikuta mlangoni ataona ama unamtania ama ndani mna vurugu. Andika "fully booked", maneno yanayoeleweka na kila msafiri. Jihadhari tu usije ukaandika "full board", kwani hayo ni malazi pamoja na milo mitatu, na atakayeyasoma atabisha hodi aulizie chakula cha mchana.